Majina ya Wote Waliokula

Tulimzika Muzee Kashindi kwao Lemera. Gari lilituacha pale barabara inapokwisha, na kutoka hapo wanaume walibeba sanduku mabegani, wakipokezana, kwenye njia nyembamba inayopita katikati ya mashamba ya maharage. Mimi nilikuwa wa mwisho kwa sababu ya goti langu. Nilipofika juu, kijana aliyetumwa na ofisi ya polisi ya Uvira alikuwa ameshaanza kusoma karatasi ya maisha ya marehemu: lini aliingia kazini, vyeo alivyopanda, vituo alivyotumikia, lini alistaafu. Alisoma vizuri, kwa sauti ya heshima. Alipofika kwenye mwaka mmoja alisita kidogo, kisha akasoma harakaharaka: "Mwaka huo alipewa onyo la maandishi kwa kupoteza kitu cha ushahidi." Watu wakatazama chini. Mimi kicheko kilinipanda kooni, pale pale mbele ya kaburi. Nikajiziba mdomo kwa kitenge, mabega yakaanza kutikisika. Mama mmoja aliyesimama karibu nami akanipapasa mgongo. "Pole, mama. Lia tu." Nilikuwa nalia pia, siwezi kudanganya. Lakini nilianza kwa kucheka.

Siku ile sikusema neno. Mbele ya watu ulimi wangu huwa mzito, na shule yangu iliishia darasa la tatu la sekondari. Lakini kuandika kilichotokea, hicho nilifundishwa, na aliyenifundisha ni yule tuliyemfukia. Kwa hiyo nauandika mwaka ule mimi mwenyewe, kwa sababu ile karatasi iliusema kwa sentensi moja, na sentensi ile, ingawa si ya uongo, haitoshi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilitoka mafunzoni na kutumwa kwenye kituo kidogo cha polisi mjini Uvira, kati ya mto Mulongwe na mto Kalimabenge, nikae mwaka mmoja wa majaribio. Kituo kilikuwa nyumba ya vyumba viwili na ukumbi mwembamba. Chumba cha kwanza kilikuwa biro, yaani ofisi: meza moja, benchi moja la walalamikaji, na baiskeli tatu zilizokamatwa zamani ambazo hakuna aliyekumbuka kesi zake. Cha pili kilikuwa kasho, yaani mahabusu, chenye mlango wa chuma uliolia kila ulipofunguliwa. Nyuma kulikuwa na mafiga matatu na sufuria kubwa nyeusi. Baraza ya mbele ilitazama ziwa, na asubuhi ukiwa umesimama pale kwenye paredi uliona milima ya Burundi ng'ambo, na ukasahau kidogo maneno ya Komanda, mkuu wa kituo. Tulikuwa polisi saba, mimi peke yangu mwanamke. Siku ya kwanza mmoja wao aliniuliza kama nimekuja kupika. Nikamjibu kwamba nimekuja kulinda watu na mali zao, kama tulivyokaririshwa mafunzoni. Walicheka mpaka nikacheka nami. Na kusema kweli, kupika nilipika, lakini kwa zamu kama wao.

Muzee Kashindi alikuwa OPJ wetu, yaani afisa wa polisi mwenye ruhusa ya kupeleleza kesi na kuandika pevé, yale maelezo rasmi yanayokwenda parke, kwa waendesha mashtaka. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Wiki ya kwanza aliniita mezani.

"Riziki, weye unajua kuandika?"

"Kidogo, Muzee. Kifaransa hakiniingii."

"Andika kiswahili. Kifaransa, minye nitakileta nyuma. Kidogo inatosha. Wenye kujua sana banaandika uongo mingi."

Akanipa kitabu cha matukio, daftari kubwa la jalada gumu ambamo kila kitu cha siku kiliandikwa: nani amekuja, saa ngapi, anadai nini, nani ameingia kasho na nani ametoka. Alinifundisha kuandika saa kwanza, kisha jina, kisha jambo, na nisiweke neno langu mwenyewe. "Usiandike 'mwizi'," alisema. "Andika 'muntu anayeambiwa ameiba'. Mwizi, hiyo ni kazi ya tribinali kusema." Alinifundisha pia kwamba mtu hakai kasho zaidi ya saa arobaini na nane: zikiisha, ama anapelekwa parke ama anakwenda nyumbani. Muzee alihesabu saa hizo kwa vidole kama mama anayehesabu siku za kujifungua. Na alinieleza jambo ambalo mafunzoni sikulielewa, kwamba yeye ana wakubwa wawili. Kwa mambo ya nidhamu yuko chini ya Komanda, na juu ya Komanda iko ofisi ya mji, na juu yake Bukavu, na juu yake Kinshasa, ambako hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika. Lakini kwa mambo ya kesi yuko chini ya parke. Alisema hivi, akigusa kichwa halafu mfuko wa shati: "Kofia iko ya Komanda. Kalamu iko ya sheria. Siku beye wawili banagombana, kofia unaweza kuvua."

Nikiwaza sasa, naona kwamba mwaka ule nilikuwa na furaha ambayo sikuijua jina. Nilipenda sauti za asubuhi, wanawake wakipita na mabeseni kutoka ziwani, na polisi wetu wa barabarani akipuliza filimbi yake njia nzima mpaka mezani kwetu saa ya chakula. Nilipenda namna Muzee alivyosikiliza watu. Mtu alikuja anapiga kelele, Muzee anamwambia, "Kaa, baba, tuanze na jina lako," na ikifika wakati mtu amemaliza kutaja jina la baba yake na la mtaa wake, kelele imeshapungua nusu. Kila mtu pale kituoni alijua pia kwamba Muzee anangoja barua. Alikuwa ameombewa nafasi Bukavu, kwenye ofisi ya upelelezi ya jimbo, biro yenye vioo na taa isiyozimika. Alikuwa ameingoja miaka mingi. Mke wake alishaanza kuuliza bei ya nyumba kule. Komanda mwenyewe alimwambia mbele yetu kwamba mambo yamebaki saini tu.

Basi, katikati ya masika, likaja gunia. Wauzaji wawili wa ndagala, dagaa wetu wa ziwani, majina yao Mama Feza na Mama Zabibu, waligombana kwenye depo walikokuwa wakiweka mizigo yao kabla ya kuipandisha kwenye gari. Gunia moja lilikuwa limepotea, na lililobaki kila mmoja alisema ni lake. Walifika kituoni wameshikana vitenge. "Huyu iko mwizi!" alisema Feza. "Mwizi iko weye na mama mkwe wako!" alisema Zabibu. Muzee akawaambia wakae, waanze na majina. Alipoona hakuna anayelegea, aliandika pevé, akalishika gunia kama kitu cha ushahidi, akalifunga kwa kamba na karatasi yenye muhuri wetu, akalisimamisha kwenye kona ya biro. Lingekwenda parke keshokutwa pamoja na wao wawili.

Keshokutwa haikufika salama. Mvua ilianza alfajiri na haikukata. Kabla ya saa nne mito yote miwili ilikuwa imejaa mawe na matope, na sisi tukabaki katikati kama kwenye kisiwa. Nyumba za chini ziliingiwa na maji, na watu wakaanza kupanda kwetu kwa sababu kituo kilikuwa kwenye mwinuko: akina mama na watoto, wazee, mtu na godoro lake, mtu na kuku wake. Tulifungua kila mlango. Ndani ya kasho tulikuwa na mtu mmoja tu, Yeremia, fundi wa nguo aliyeambiwa amempiga kofi shemeji yake. Saa zake arobaini na nane ziliisha mchana ule. Muzee akafungua mlango, akamwambia, "Baba Yeremia, uko huru." Yeremia akatazama mto, akatazama Muzee. "Asante, OPJ. Sasa niende wapi?" Akarudi kukaa kasho kwa hiari yake, na watoto wa kata nzima wakakaa naye, maana ndicho chumba kilichokuwa hakivuji.

Siku ile ya kwanza tulikula kilichokuwepo, muhogo kidogo kwa watoto. Siku ya pili mvua ilipungua lakini mito ilikuwa bado haivukiki. Mama mmoja alikuwa ameokoa unga mzima wa nyumba yake, akautoa. Kwa hiyo bugali ilikuwepo. Kitoweo hakikuwepo. Na kule konani gunia lilikuwa linanukia. Siwezi kueleza harufu ya ndagala kavu kwa mtu ambaye hajakaa siku mbili na njaa pembeni yake. Paka wa jirani alikuwa amelala juu yake tangu asubuhi. Watoto walikuwa wanalitazama bila kusema, jambo lililokuwa baya kuliko kulia.

Muzee alikaa mezani muda mrefu, amevua miwani. Kisha akainuka, akakata kamba.

"Muzee," Komanda akasema, "ile iko ushahidi."

"Najua, Komanda. Minye ndiye niliifunga."

"Na barua yako?"

"Barua haiko mu sufuria."

Tulipika kwa nyanya chache na pilipili ya mtu. Yeremia alithibitika kuwa fundi wa bugali pia, akasonga sufuria kubwa mpaka jasho likamtoka, huku akina mama wakimtania kwamba shemeji yake angemwona hivi angesamehe makofi mengine mawili. Tulikula sote ukumbini, polisi na raia, mikono kumi ndani ya sahani moja, na mzee mmoja akaanzisha wimbo wa kanisani ambao Wakatoliki na Waprotestanti wote wanaujua, ila kila upande una maneno yake, tukaimba yote mawili kwa pamoja. Komanda alisema hana njaa. Akala sahani mbili. Jioni tulipika tena, na asubuhi iliyofuata tena, na mito iliposhuka gunia lilikuwa tupu. Nimekula karamu nyingi tangu wakati ule, hata harusi za wakubwa. Hakuna hata moja ninayoikumbuka kama ile.

Watu waliporudi kwao kusukuma matope nje ya nyumba zao, Komanda alinijia mezani. Hakuwa mtu mbaya, napenda hilo lijulikane. Alisema kwa upole, karibu kwa kuomba: "Riziki, andika kwamba mvua iliharibu samaki. Mvua ilinyesha, si kweli? Tunaokoa barua ya Muzee, na tunaokoa mwaka wako wa majaribio. Hakuna muntu anaumia." Akatoka. Nilimtazama Muzee. Alikuwa anafunga uzi wa miwani yake, akakataa kabisa kunitazama. Nadhani alijua kwamba akisema "andika kweli," atakuwa amenipa amri ya kupoteza kazi, na akisema "andika mvua," atakuwa ameharibu kila alichonifundisha. Akanyamaza. Nilimchukia kidogo kwa ule ukimya. Nilifikiri juu ya mke wake na nyumba ya Bukavu. Nilifikiri juu yangu, na kwamba nyumbani walikuwa wameshaniambia polisi haitaniweka. Lakini nilipoandika saa, ikaja jina, na likishakuja jina huwezi tena kuandika mvua. Nikaandika:

"Saa sita na nusu mchana. Mito haivukiki, chakula hakuna. OPJ Kashindi amefungua gunia la ndagala wanalogombania Mama Feza na Mama Zabibu. Wenye gunia hawakuulizwa. Zimepikwa mara tatu, zimekwisha. Waliokula ni hawa."

Na nikaandika majina, yote, ukurasa mzima na nusu ya pili. Niliandika Komanda, sahani mbili. Niliandika jina langu, na kwamba niliongeza. Nilipomaliza nikampa Muzee kitabu. Alisoma pole pole, kidole kikishuka jina hadi jina. Kisha akachukua kalamu. Nilidhani atafuta. Akaongeza chini: "Aliyeamuru ni mimi peke yangu," akatia saini.

"Umesahau paka," akasema.

Siku mbili baadaye tulikwenda parke: Muzee, mimi na kitabu, Mama Feza, Mama Zabibu, na gunia tupu limekunjwa vizuri kama shuka. Mwendesha mashtaka alikuwa mtu mnene, mchovu, mwenye meza iliyojaa makaratasi yaliyolowa. Akasoma pevé, akainua macho.

"OPJ, kitu cha ushahidi iko wapi?"

"Iko mu kitabu, Bwana Majistra."

"Mu kitabu namna gani?"

Muzee akanigeukia. Nikasimama, nikasoma kwa sauti. Mwanzo sauti yangu haikutoka, lakini majina yalinisaidia, yana mwendo wake. Nilisoma, nikaendelea kusoma. Majistra aliweka kalamu chini. Nilipofika karibu na mwisho akaninyoshea kidole.

"Ngoja. Huyo Amani, miezi minane. Naye alikula?"

"Alilamba supu, Bwana Majistra."

Akajifunika uso kwa mkono, na nikaona tumbo lake linacheza. Lakini mimi nilikuwa nawatazama wale wanawake wawili. Mama Feza alikuwa ameachama. Mama Zabibu alikuwa anatazama sakafu, anazungusha pete yake, anazungusha. Kabla hata Majistra hajamuuliza, akasema:

"Gunia iko ya Feza."

Akaendelea bila kuinua macho:

"Langu ndilo lilipotea. Nilijua siku ile ile, nikaona haya kurudi nyuma mbele ya batu. Sasa kama polisi benyewe banaandika kwamba banakula, tena mbili mbili, minye nitakataa nini?"

Mama Feza alimtazama muda mrefu. Nilifikiri atamrukia. Badala yake akatugeukia sisi, mikono kiunoni. "Kwa hiyo nimelisha kata nzima na hakuna hata mumoja amekuja kuniambia asante! Na chumvi muliweka?"

"Kidogo, mama," nikasema.

"Ile ndagala haitaki chumvi! Imeshakauka nayo! Mungu wangu, bameiharibu." Zabibu akaanza kucheka, Feza naye akashindwa, wakashikana vile vitenge tena, safari hii wasije wakaanguka.

Habari ilifika sokoni kabla yetu. Uvuvi uliporudi, watu wa kata walikuja mmoja mmoja kwa Mama Feza, kila nyumba na bakuli lake la ndagala, kufuatana na majina, mpaka gunia likasimama tena. Mama yake Amani alileta kikombe. Mwaka wangu wa majaribio ulipita, Komanda aliandika kwamba naandika vizuri, na nadhani ilimgharimu kuliandika.

Lakini Majistra, pamoja na kucheka kwake, alifanya kazi yake. Ushahidi ulikuwa umepotea mikononi mwa OPJ, na sheria haina mlango wa njaa. Barua ilikuja baada ya mwezi. Desturi ya kituo ilikuwa Muzee ndiye asome barua za wakubwa kwenye paredi, kwa sababu ya kifaransa chake. Akaisoma. Akasoma onyo lake mwenyewe kwa sauti ile ile aliyosomea maonyo ya wengine, akalitafsiri kwa kiswahili neno kwa neno ili wote tuelewe, na akasoma mstari wa mwisho, kwamba nafasi ya Bukavu imepewa mtu mwingine. Akaikunja. "Paredi imekwisha," akasema, ingawa hilo lilikuwa neno la Komanda.

Nilimfuata nyuma, kwenye mafiga. Alikuwa anachochea moto usiohitaji kuchochewa.

"Muzee, unisamehe. Ningeandika mvua."

"Ungeandika mvua," akasema, "leo ningekuwa nafunga mizigo. Na kila siku kule, minye ningekaa na kujiuliza huyu Riziki ameandika nini leo."

Akacheka. Nilimwamini, kwa sababu nilikuwa kijana na nilitaka kumwamini. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi baada ya hapo na hakuitaja Bukavu tena, wala mimi sikuthubutu kumuuliza kama ilimuuma. Ningeuliza, angeniambia kweli. Nadhani ndiyo maana sikuuliza.

Alipangusa majivu mikononi, akanitazama kama anashangaa bado niko pale. "Unangoja nini? Kuna mama mu benchi tangu alfajiri. Nilimwambia anieleze mimi, anakataa. Anasema anataka yule mwanamke anayeandika majina yote."

Nikaingia ndani. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, ana uvimbe juu ya jicho aliojaribu kuuficha kwa kilemba, na mikono yake ilikuwa imeshika magoti kwa nguvu. Nikavuta kiti karibu naye, nikafungua kitabu kwenye ukurasa mpya, nikaandika saa.

"Kaa tu, dada," nikasema. "Tuanze na jina lako."